Eneo la wijeti limegoma: tafuta kosa kwa kufuata dalili

Wijeti ni kisanduku kidogo cha maudhui, na mandhari ni mkusanyo wa faili unaoipa tovuti ya WordPress mwonekano wake. Anayeongeza eneo jipya la wijeti kwenye mandhari ya WordPress anafanya kazi mbili. Kwanza analisajili eneo ndani ya functions.php ili dashibodi, yaani upande wa usimamizi, ijue kwamba lipo. Kisha analiita kwenye faili ya kiolezo, yaani ile inayopanga sehemu ya ukurasa, kwa mfano footer.php ya kijachini (sehemu ya chini kabisa), ili mgeni wa tovuti alione. Kinachounganisha kazi hizo mbili ni kitambulisho tu, lile neno fupi unalolipa eneo. Malalamiko mengi ninayoletewa huishia hapo hapo: kazi moja imefanyika na ya pili imesahaulika, au zote zimefanyika lakini vitambulisho havifanani.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, jiulize swali moja: tatizo liko upande wa dashibodi au upande wa ukurasa? Jibu lake litakuokolea muda mwingi.

Huu hapa usajili ulio sahihi. Nitaurejelea mara kwa mara.

```php
add_action( 'widgets_init', 'tovuti_sajili_maeneo' );

function tovuti_sajili_maeneo() {
    register_sidebar( array(
        'name'          => 'Kijachini kushoto',
        'id'            => 'kijachini-kushoto',
        'before_widget' => '<div id="%1$s" class="widget %2$s">',
        'after_widget'  => '</div>',
        'before_title'  => '<h3 class="kichwa-cha-wijeti">',
        'after_title'   => '</h3>',
    ) );
}
```

Na huu ndio wito unaowekwa kwenye kiolezo:

```php
<?php if ( is_active_sidebar( 'kijachini-kushoto' ) ) : ?>
    <div class="eneo-la-kijachini">
        <?php dynamic_sidebar( 'kijachini-kushoto' ); ?>
    </div>
<?php endif; ?>
```

Kabla ya kuanza, pakua nakala ya functions.php na ya kila kiolezo utakachokigusa, uiweke kwenye kompyuta yako. Hakikisha pia una njia ya kuingia kwenye seva isiyopitia dashibodi, iwe FTP, yaani njia ya kuhamisha faili, au kidhibiti faili cha mwenyeji wa tovuti (kampuni inayoihifadhi). Kama huna njia hiyo, usianze leo. Dashibodi ikifunga mlango, hutakuwa na pa kupitia.

## Tovuti nzima imekuwa nyeupe, au inasema kuna hitilafu kubwa

Hapa usianze kuchunguza. Rudisha kwanza nakala ya zamani ya functions.php, wageni waone tovuti, halafu utafute kosa kwa utulivu. Tangu toleo la 5.2, WordPress ikikwama namna hii hutuma barua pepe kwa msimamizi yenye kiungo cha kuingilia hali ya uokoaji, na mara nyingi barua hiyo hutaja faili na mstari wenye kosa. Angalia hata kwenye folda ya taka.

Kosa linaloongoza ni alama iliyosahaulika: nukta-mkato mwishoni mwa mstari, mabano yasiyofungwa, au mkato kati ya vipengele vya orodha. Ujumbe wa kosa hutaja mstari, lakini mara nyingi kosa lenyewe liko mstari mmoja juu yake, kwa sababu PHP, lugha ya msimbo huu, hugundua upungufu inapofika kwenye neno linalofuata. Anza kutazama juu.

Linalofuata ni alama za nukuu zilizopinda. Ukinakili msimbo kutoka kwenye hati iliyoandikwa kwa programu ya kuchapia barua, nukuu zilizonyooka hugeuzwa kuwa zile za mapambo, na PHP haizitambui kabisa. Kwa macho zinafanana, hasa kwenye skrini ndogo. Zifute na uziandike upya kwa mkono ndani ya kihariri cha msimbo.

Kuna pia jina la fanksheni lililotumika mara mbili. Logi, yaani faili ya kumbukumbu za makosa, itakuwa na maneno `Cannot redeclare`. Umebandika msimbo mara ya pili, au plagini (programu ya nyongeza) fulani inatumia jina hilo hilo. Anza majina ya fanksheni zako na neno la tovuti yako, kama `tovuti_` hapo juu, na tatizo litaisha.

Ikiwa ukurasa si mweupe bali unaonyesha msimbo wako kama maandishi ya kawaida juu kabisa, umeubandika baada ya `?>` mwishoni mwa faili. Ondoa alama hiyo ya kufunga. Faili yenye PHP pekee haiihitaji, na mimi huifuta kila ninapoikuta, kwa sababu hata nafasi tupu iliyoachwa baada yake huweza kuleta onyo la `headers already sent`.

Kama bado hujui kosa liko wapi, fungua wp-config.php uweke `WP_DEBUG` na `WP_DEBUG_LOG` kuwa `true`, na `WP_DEBUG_DISPLAY` kuwa `false`. Makosa yataandikwa kwenye wp-content/debug.log bila wageni kuyaona. Ukimaliza, zima vyote na ufute logi hiyo, kwani kwenye seva nyingi mtu yeyote anayejua anwani yake anaweza kuisoma.

Simama hapa kama umerudisha nakala ya zamani na tovuti bado haifunguki. Kosa haliko tena kwenye eneo la wijeti. Mpigie mwenyeji wa tovuti au fundi.

## Eneo halionekani kwenye ukurasa wa Wijeti

Usajili haukufanyika, au umefanyika kisha ukafunikwa.

Angalia kwanza jambo jepesi: je, umehariri mandhari inayotumika? Watu wengi wana mandhari mama na mandhari mtoto (nyongeza inayojengwa juu ya mama), wanafungua functions.php ya mandhari tatu kwa siku, na wanahifadhi kwenye isiyo hai. Nenda kwenye menyu ya Mwonekano, soma jina la mandhari iliyowashwa, kisha lilinganishe na jina la folda uliyoihariri.

Pili, vitambulisho viwili vinavyofanana. Mtu anataka maeneo matatu ya kijachini, ananakili usajili mara tatu, anabadilisha `name` na kusahau `id`. WordPress huhifadhi maeneo kwa kitambulisho, hivyo usajili wa mwisho huufunika wa kwanza. Unaona eneo moja badala ya matatu, nalo lina jina la lile la mwisho. Ukiona hivyo, huna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Tatu ni sharti lililowekwa mahali pasipofaa. Mtu anafikiri hivi: eneo hili ni la ukurasa wa mwanzo tu, basi nalisajili ndani ya `if ( is_front_page() )`. Wakati `widgets_init` inapoitwa, WordPress haijajua bado mgeni anaomba ukurasa gani. Jibu la swali hilo huwa ni hapana daima, na eneo halisajiliwi kamwe. Sajili bila sharti. Sharti la ukurasa liweke kwenye kiolezo, kandokando ya `dynamic_sidebar`.

Nne, kama unatafuta eneo kwenye skrini ya kurekebisha mwonekano yenye onyesho la moja kwa moja, fahamu kwamba skrini hiyo huorodhesha maeneo yaliyomo kwenye ukurasa unaoonyeshwa wakati huo tu. Eneo la makala halitatokea ukiwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Bonyeza kiungo ndani ya onyesho, ufike kwenye makala, nalo litajitokeza.

Mwenye uwezo wa kutumia WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa amri za maandishi, kwenye seva aandike `wp sidebar list`. Amri hiyo hutoa orodha ya maeneo yote yaliyosajiliwa pamoja na vitambulisho vyake. Eneo lisipokuwemo humo, halijasajiliwa, haijalishi functions.php inaonekana nzuri kiasi gani.

## Dashibodi inaliona, ukurasa hauonyeshi kitu

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na lina sababu nyingi zaidi. Fuata mpangilio huu bila kuruka.

Je, eneo lina wijeti ndani yake? `is_active_sidebar` hujibu ndiyo pale tu eneo linapokuwa na angalau wijeti moja. Eneo tupu halichapishi chochote, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Weka wijeti ya maandishi yenye neno moja, hifadhi, kisha tazama tena.

Je, kiolezo ulichohariri ndicho kinachotumika? Ukurasa wa mwanzo unaweza kutumia front-page.php, kurasa za kawaida page.php, makala single.php, na zote zikakosa kile ulichokiandika kwenye index.php. Njia ya hakika ni kuandika neno JARIBIO, bila msimbo wowote, juu ya mstari wa `if` unaotangulia `dynamic_sidebar`. Fungua ukurasa. Neno likionekana, kiolezo ni chenyewe na tatizo liko chini yake. Lisipoonekana, unahariri faili ambayo hakuna anayeisoma. Kama tovuti hutumia plagini ya kujenga kurasa, huenda plagini hiyo imechukua nafasi ya kijachini chote na footer.php yako haiitwi hata kidogo. Jaribio hili huchukua dakika moja tu, nami nimeona watu wakihangaika siku mbili kwa kulikwepa. Kumbuka tu kulifuta neno hilo baadaye.

Je, vitambulisho vinafanana herufi kwa herufi? Hapa nataka tukae kidogo.

Niliwahi kuletewa tovuti ambayo eneo lake lilikuwa limesajiliwa kama `Matangazo-Juu`, na kwenye kiolezo likaitwa `Matangazo-Juu`. Yalikuwa yanafanana kabisa. Wijeti zilikuwemo, kiolezo kilikuwa sahihi, neno JARIBIO lilionekana, lakini chini yake palikuwa patupu. Mwenye tovuti alikuwa amekwisha kubadilisha mandhari na kuirudisha. Kosa lilikuwa zile herufi kubwa mbili. Wakati wa kusajili, WordPress hukihifadhi kitambulisho kama ulivyokiandika. Wakati wa kuita, `is_active_sidebar` hukipitisha kwanza kwenye kichujio kinachogeuza herufi zote kuwa ndogo, halafu hutafuta `matangazo-juu`. Jina hilo halimo kwenye orodha, jibu linakuwa hapana, na hakuna kosa lolote linaloandikwa kwenye logi. Nafasi kati ya maneno huleta balaa hilo hilo. Tumia herufi ndogo, tarakimu na kistari, basi.

Ukirekebisha kitambulisho hicho, wijeti zilizokuwemo zitahesabiwa kuwa hazina eneo, kwa kuwa eneo la zamani halipo tena. Zitafute kwenye kundi la wijeti zisizotumika, uzirudishe kwa mkono.

Ikiwa vyote hivyo viko sawa, fikiria kache, yaani nakala za kurasa zilizohifadhiwa ili zifunguke haraka. Plagini ya kache, seva yenyewe na mtandao wa kusambaza faili, kila kimoja kinaweza kuwa na nakala ya jana. Fungua ukurasa kwenye dirisha la faragha ukiwa hujaingia kwenye dashibodi. Safisha kache ya plagini, halafu ya seva, halafu ya kivinjari, kwa mpangilio huo. Ukianza na kivinjari, kitapakua tena nakala ile ile ya zamani.

Mwisho, tazama chanzo cha ukurasa na utafute `eneo-la-kijachini`. Likiwemo, PHP imefanya kazi yake na kinachoficha eneo ni CSS, yaani kanuni za mtindo: `display: none`, maandishi meupe juu ya usuli mweupe, au sehemu nyingine iliyolifunika. Likiwemo lakini halina kitu ndani, wijeti yenyewe ndiyo haina cha kusema, mathalani wijeti ya maoni mapya kwenye tovuti isiyo na maoni, au plagini ya masharti imeizuia kwenye ukurasa huo.

## Wijeti zimepotea au zimehamia eneo jingine

Sasisho la mandhari ndiyo sababu ya kwanza. Ulihariri mandhari mama moja kwa moja, toleo jipya likaja, faili zako zikafutwa na kuwekwa mpya. Dawa ni mandhari mtoto. functions.php ya mtoto husomwa pamoja na ya mama, tena hutangulia, kwa hiyo usinakili faili yote ya mama. Weka usajili wako tu. Violezo ni kinyume chake: footer.php ya mtoto huchukua nafasi ya ile ya mama nzima nzima, kwa hiyo hiyo unainakili yote kisha unaongeza wito wako.

Sababu ya pili ni kubadilisha kitambulisho ili kipendeze. Jina, yaani `name`, badilisha utakavyo. Kitambulisho kikishaanza kutumika, kiache. Kama umekwisha kukibadilisha, rudisha cha zamani kwanza kabla hujaanza kupanga wijeti upya.

Sababu ya tatu huwachanganya hata wazoefu. Usipotoa kitambulisho, WordPress hukupa kimoja kwa kuhesabu: `sidebar-1`, `sidebar-2`, `sidebar-3`, kwa kufuata mpangilio wa usajili. Sasa ongeza eneo jipya juu ya yale ya zamani. Lililokuwa la kwanza linakuwa la pili, la pili linakuwa la tatu, lakini wijeti zimebaki zimefungwa kwenye namba zake. Fomu ya mawasiliano inatokea kwenye kichwa cha ukurasa, menyu inashuka kwenye kijachini, na hakuna aliyezigusa. Ukikuta usajili wa namna hiyo, ipe kila `register_sidebar` kitambulisho chake, na kwa maeneo yenye wijeti tayari, tumia namba ile ile iliyokuwa ikitumika ili zisihame tena.

Simama hapa kama unashawishika kuingia kwenye hifadhidata na kuhariri safu ya `sidebars_widgets` kwa mkono. Data yake imefungashwa pamoja na urefu wa kila neno. Ukiongeza herufi moja bila kurekebisha hesabu, PHP inashindwa kuifungua na mpangilio wote wa wijeti unatoweka. Kazi hiyo mwachie mtu anayejua kuifanya kwa WP-CLI au kwa msimbo, tena akiwa na nakala rudufu ya hifadhidata.

## Wijeti zinaonekana, lakini ukurasa umevurugika

Ukiacha `before_widget` na `after_widget` bila kuziandika, WordPress huweka `<li>` na `</li>`. Kama eneo lako limezungukwa na `<div>` na si `<ul>`, utaona vidoti vya orodha pembeni au nafasi zisizoeleweka. Baya zaidi ni kuandika moja na kuiacha nyingine: wijeti inafunguliwa kwa `<div>` na kufungwa kwa `</li>`, na kila kitu kinachofuata kinamezwa ndani yake. Kijachini kikipanda pembeni ya makala ghafla, angalia hapo kwanza.

Alama ya asilimia nayo ina mtego wake. `before_widget` hupitishwa kwenye `sprintf`, ambayo huona `%` kama mahali pa kujaza thamani. Ukiandika `style="width:100%"` humo, PHP 8 itasimamisha ukurasa kwa kosa la `Unknown format specifier`, na matoleo ya nyuma yataharibu alama bila kusema. Andika `100%%`, au bora zaidi hamishia mtindo huo kwenye faili ya CSS.

Tangu toleo la 5.8, lililotoka Julai 2021, ukurasa wa Wijeti unatumia bloku, yaani vipande vya maudhui vinavyopangwa kimoja kimoja. Kila bloku ya ngazi ya juu huhesabiwa kuwa wijeti inayojitegemea na kuvalishwa `before_widget` yake. Ukiweka bloku ya kichwa na chini yake bloku ya aya, utapata visanduku viwili badala ya kimoja. Viweke vyote ndani ya bloku ya kundi. Anayetaka ukurasa wa zamani aweke plagini ya Classic Widgets, au aite `remove_theme_support( 'widgets-block-editor' )` ndani ya `after_setup_theme`.

## Menyu ya Wijeti haipo kabisa

Huenda mandhari yako ni ya bloku, aina iliyoanza rasmi na toleo la 5.9 mwaka 2022. Ishara yake ni menyu ya kihariri cha tovuti chini ya Mwonekano, na folda ya templates yenye faili za .html. Unaweza kuita `register_sidebar` na menyu ya Wijeti ikatokea, lakini hutapata mahali pa kuonyesha wijeti hizo, maana `dynamic_sidebar` haisomwi ndani ya kiolezo cha .html. Usipigane nayo. Fungua kihariri cha tovuti, tengeneza sehemu ya kiolezo, uiweke kwenye kijachini. Inafanya kazi ile ile.

## Ukiamua kumwita fundi

Mwite bila kusubiri ikiwa tovuti inapokea malipo na huna nakala ya majaribio, au ikiwa ndani ya functions.php umekuta mistari usiyoijua yenye `eval` na `base64_decode` ikifuatiwa na herufi nyingi zisizo na maana. Hiyo huenda ni dalili ya kuingiliwa. Usiifute tu na kuendelea, kwani aliyeiweka mara nyingi ameacha mlango mwingine wazi.

Mpe mambo haya mara moja: toleo la WordPress na la PHP, jina la mandhari na la mandhari mtoto kama ipo, mistari ya mwisho ya debug.log, kipande cha msimbo ulichoongeza, na saa tatizo lilipoanza. Mwambie pia kila ulichojaribu, hata kile kilichoharibu zaidi. Nenosiri usilitume kwenye ujumbe. Mtengenezee akaunti yake ya msimamizi, na uifute kazi ikiisha.